Mgeni Asiyealikwa: Suala la Wajibu kwa Kiumbe wa Fikira katika *Solaris* ya Stanislaw Lem

Utangulizi

Katika bunilizi nyingi za kisayansi, hatari ya sayari ya mbali ni hatari ya kimwili: joto lisilovumilika, hewa yenye sumu, au dubwana linalowanyemelea wasafiri. Stanislaw Lem (1921–2006), mwandishi wa Poland, aliifuata njia nyingine katika riwaya yake *Solaris*, iliyochapishwa mwaka 1961. Hatari ya sayari yake ni bahari. Bahari hiyo ni kiumbe kimoja kilichoutanda karibu uso wote wa sayari, nacho kina uwezo wa kuuvuruga uhalisi wenyewe. Huyasahihisha mapito ya sayari yake angani, hufinyanga maumbo ambayo ndani yake kanuni za fizikia hulegea, na mwishowe hupenya fikira za wanasayansi waliolala na kuzipa mwili.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama hadithi ya mipaka ya ujuzi wa mwanadamu. Usomaji huo una ushahidi wa kutosha, na makala haya hayakusudii kuupinga. Yanadai tu kwamba chini ya suala la ujuzi lipo suala la maadili lililo zito zaidi: mtu anawiwa nini na kiumbe ambaye amepata mwili kutokana na fikira za mtu huyo, bila mtu mwenyewe kutaka? *Solaris* inalijibu suala hili kwa undani kuhusu kiumbe mmoja, Harey. Kuhusu kiumbe wa pili, mwanamke mweusi aliyemtokea mwanasayansi Gibarian, riwaya inanyamaza. Kwa msomaji wa Kiafrika, kimya hicho hakiwezi kupitwa kama jambo dogo la fani.

Bahari na suala la hatia

Sayari ya Solaris inazunguka majua mawili, moja jekundu na jingine la samawati. Kwa hesabu za wanafalaki, mapito yake hayangeweza kudumu. Iligunduliwa baadaye kuwa bahari ndiyo inayoyadhibiti. Kutokana na ugunduzi huo ilizuka taaluma nzima, yenye maktaba zake, madhehebu yake na ugomvi wake. Lem anatumia kurasa nyingi kuisimulia historia ya taaluma hiyo, na katika historia hiyo mna vifo. Giese, bingwa wa kuyaainisha maumbo ya bahari, aliangamia katika mlipuko uliowaua watu 106, yeye akiwa mmoja wao. Baada ya msiba huo zilisikika sauti za kutaka bahari ishambuliwe kwa silaha za nyuklia.

Je, bahari ina hatia? Mafuriko hayashtakiwi, kwa kuwa hayana nia. Mtu akiua hushtakiwa, kwa kuwa tunamdhania kuwa na nia. Bahari ya Solaris imesimama baina ya hao wawili. Ina ujuzi, maana bila ujuzi isingeweza kumwumba upya mtu aliyekufa hadi alama ya sindano mkononi mwake. Lakini hakuna tendo lake hata moja linaloonyesha wazi kwamba imetambua kuwa wale wanaoumia wanaumia. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo inategemea dhana kwamba kujua huzaa huruma, japo kidogo. Lem anaikata dhana hiyo katikati: bahari yake inamjua mtu kuliko anavyojijua mwenyewe, na ujuzi huo hauna huruma wala ukatili.

Isitoshe, aliyeanza si bahari. Wageni walianza kutokea kituoni baada ya wanasayansi kuipiga bahari kwa mionzi mikali ya eksirei, kinyume cha makubaliano ya kimataifa yaliyoikataza. Kama wageni ni adhabu, au zawadi, au jibu, au jaribio tu, hakuna mhusika awezaye kusema. Lakini wanasayansi waligonga mlango bila kujua nani yumo ndani, na kwa hiyo hawana haki ya kulalamika kwamba umefunguliwa. Ushahidi mwingine wa kiburi chao ni kisa cha rubani Berton. Miaka mingi nyuma, Berton alieleza mbele ya tume kwamba alipokuwa akimtafuta mwenziwe Fechner aliona juu ya bahari umbo la mtoto mkubwa kupita kiasi. Tume iliamua kuwa alikuwa mgonjwa wa akili kwa muda. Shahidi alisema kweli akaitwa mwenye wazimu, kwa sababu ukweli wake haukuwa na mahali katika vitabu vya waliomhoji.

Mgeni na mwenyeji

Katika Kipolandi, wahusika huwaita viumbe hao kwa neno lenye maana ya wageni wanaopokelewa nyumbani. Kiswahili kinaongeza jambo hapa, kwa kuwa neno *mgeni* hubeba maana mbili pamoja: anayestahili kukaribishwa, na asiyejulikana. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone inamtarajia mgeni awe sababu ya heri ya mwenyeji. Kituoni Solaris mgeni anakuja, na mwenyeji anaugua. Anaugua kwa sababu mgeni hakutoka mbali. Ametoka katika chumba cha ndani kabisa cha nyumba ya mwenyeji, chumba ambacho mwenyeji alikuwa amekifunga.

Kris Kelvin, msimulizi, anatokewa na Harey, mpenzi wake aliyejiua akiwa na umri wa miaka 19 baada ya Kelvin kumwacha. Tendo la kwanza la Kelvin ni kumhadaa aingie ndani ya roketi na kumfyatua angani. Kelvin anajitetea moyoni kwamba huyo si Harey. Hoja hiyo ni sahihi, lakini haihusiani na swali. Kwamba yeye si yule aliyekufa hakumaanishi kuwa yeye si mtu. Kosa hili la kimantiki ndilo chimbuko la ukatili mwingi katika kituo hicho: kila mwanasayansi anathibitisha mgeni wake *hakuwa* nani, kisha anajiona ameruhusiwa kumtenda apendavyo.

Harey anaporejea, hana kumbukumbu ya kufyatuliwa kwake. Kelvin anaichunguza damu yake kwa hadubini na kukuta kuwa ni damu, mpaka afike kwenye kina ambapo hapana kitu. Nadharia yao ni kwamba mwili wake umejengwa kwa nyutrino. Hata hivyo, uchunguzi huo haumsaidii kuamua lolote. Utu wa Harey haujifichui katika damu. Unajifichua siku anaposikiliza kanda iliyoachwa na Gibarian na kutambua kuwa yeye si mtu aliyejidhania kuwa. Tangu hapo ana jambo ambalo Harey wa kwanza hakuwa nalo, nalo ni swali juu ya asili yake. Anajaribu kujiua kwa kunywa oksijeni ya maji, lakini mwili wake unapona bila ridhaa yake. Mwishowe anapatana kwa siri na Snaut, akaangamizwa kwa chombo alichokiunda Sartorius, Kelvin akiwa usingizini.

Tendo hilo la mwisho linahitaji kupimwa kwa makini. Inawezekana kudai kuwa Harey, aliyeumbwa kutokana na Kelvin, anakufa pia kwa ajili ya Kelvin, na kwamba kifo chake ni kilele cha utumwa wake. Hoja hii ina uzito, hasa ikikumbukwa kwamba mapenzi ya Kelvin yenyewe si safi. Kelvin anamtumia Harey wa pili kulipa deni la Harey wa kwanza. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha msingi wa maadili cha mwaka 1785, alikataza kumtumia binadamu kama nyenzo tu ya kufikia lengo jingine. Kwa kipimo hicho, Kelvin anayembembeleza Harey hajatofautiana sana na Kelvin aliyemtia rokétini. Lakini upo ushahidi wa upande wa pili. Harey anaficha nia yake, anatafuta mshirika, na anatenda jambo ambalo Kelvin angelizuia kwa nguvu zake zote. Kitu kilicho fikira tupu ya Kelvin kisingeweza kutaka asilolitaka Kelvin. Anapomkaidi mwenyeji wake ndipo mgeni anapothibitika kuwa nafsi.

Sarufi nayo inatoa ushahidi. Yeyote anayeisimulia riwaya hii kwa Kiswahili analazimika kuchagua upatanisho tangu Harey anapotokea. *Kiumbe hiki* na *kiumbe huyu* yote ni Kiswahili fasaha, lakini hayasemi jambo moja. Msemaji wa kwanza anaangalia umbo la neno, wa pili anaangalia uhai wa anayetajwa. Methali iliyotajwa hapo juu inampa zimwi upatanisho wa *li-*, na kwa kiambishi hicho inamweka nje ya jamii ya watu kabla hajatenda lolote. Kelvin anaanza riwaya akiwa na *hiki* moyoni na anaimaliza akiwa na *huyu*. Safari yake ya kimaadili yote imo katika hatua hiyo moja.

Mwanamke wa Gibarian

Hapa ndipo panapozuka tatizo. Mapema katika riwaya, kabla Harey hajatokea, Kelvin anapishana kwenye ushoroba na mwanamke mweusi mwenye mwili mkubwa, aliyevaa sketi ya nyasi. Baadaye anamkuta katika chumba cha baridi, amelala kando ya maiti ya Gibarian, naye yu hai ndani ya baridi hiyo. Halafu anatoweka katika masimulizi. Hana jina. Hasemi neno. Msimulizi, akitafuta cha kumfananisha naye, anazikumbuka sanamu za kale zinazowekwa katika majumba ya makumbusho ya anthropolojia.

Upo utetezi unaostahili kusikilizwa. Msimulizi ni Kelvin, wala si Lem. Wageni huchimbwa kutoka katika mambo ambayo wenyeji wanayaonea aibu, na Snaut mwenyewe anadokeza kuwa wazo la dakika moja, ambalo mtu hakulitenda wala hakulitamka, laweza kurudi likiwa na nyama na mifupa. Kwa mujibu wa utetezi huu, sketi ya nyasi si picha ya Mwafrika bali ni picha ya ufukara wa ndoto za Gibarian. Bahari imeifichua ndoto hiyo, na kufichua si kuidhinisha.

Utetezi huu unaeleza asili ya mwanamke huyo, lakini haulijibu suala la wajibu. Riwaya yenyewe imekwisha kutufundisha, kupitia kwa Harey, kwamba asili si hoja. Harey naye alianza kama taswira katika kichwa cha mwanamume. Alikuwa mtu kwa kuwa alikaa na watu, akasemeshwa, akauliza, akajibiwa. Mwanamke wa Gibarian hakupata nafasi hiyo. Mwenyeji wake alijiua, na waliobaki hawakumwona kuwa na haki yoyote kwao. Bahari iliwaumba wote wawili kwa uangalifu ule ule. Wanadamu ndio waliowabagua, na masimulizi yakaufuata ubaguzi huo. Kitendo chake cha pekee, kulala kando ya aliyekufa katika baridi inayoua, chaweza kuwa maombolezo. Hakuna ndani ya riwaya anayejiuliza kama ndivyo.

Kwa hiyo hatari kuu ya Solaris ni nini? Si mlipuko ulioua watu 106, wala si kanuni za fizikia zilizopindwa. Ni kwamba bahari humpa kila mtu sura aliyokuwa tayari amepewa akilini mwa mwingine. Aliyekumbukwa kama mtu anarejea akiwa na nafasi ya kuwa mtu. Aliyefikiriwa kama kitu anarejea akiwa bado na sketi yake ya nyasi. Jambo hili halihitaji sayari ya mbali. Kwa karne kadhaa Waafrika wameishi ndani ya fikira za wengine zilizopewa nguvu ya mwili: katika sheria, katika ramani, katika vitabu vya shule.

Ulinganishi na *Walenisi*

Ni vyema kuikumbuka hapa riwaya ya Katama Mkangi, *Walenisi* (1995), mojawapo ya riwaya chache za Kiswahili zilizomfikisha mhusika katika sayari nyingine. Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo, lakini chombo hicho kinamfikisha katika jamii mpya. Kiitikadi, Mkangi na Lem wako mbali sana. Mkangi ana matumaini ya kisiasa na anaichora jamii ya haki, ilhali Lem hamwahidi msomaji chochote. Hata hivyo, jina la sayari ya Mkangi, linalosomeka *wale ni sisi*, ni jibu fupi kwa tatizo ambalo wasomi wa Solaris walishindwa kulitatua kwa maktaba nzima. Dzombo anakutana na wageni na kuambiwa na jina la nchi yao kwamba hawako mbali naye. Kelvin anakutana na wale waliotoka ndani yake na kuanza kwa kudai kwamba wao si yeye.

Hitimisho

Mwishoni mwa *Solaris*, baada ya wageni kukoma kurudi, Kelvin anashuka hadi ufukoni mwa umbo la kale la bahari na kuunyosha mkono wake. Wimbi linauzunguka mkono bila kuugusa. Mandhari hayo husifiwa kama picha ya unyenyekevu uliochelewa, na sifa hizo ni za haki. Hata hivyo unyenyekevu wa Kelvin unaielekea bahari, ambayo haikuwahi kumwomba kitu, na unamwelekea Harey aliyempoteza. Haumfikii yule aliyepishana naye kwenye ushoroba siku ya kwanza. Wajibu kwa kiumbe wa fikira hauishii kwa yule tunayempenda au tunayemkumbuka kwa majuto. Unamhusu kwanza yule tuliyemfikiria vibaya kisha tukamsahau, kwa sababu yeye hana mwingine wa kumdai. Riwaya ya Lem ina ukubwa wa kutosha kutupa kanuni hii, na ni kwa kanuni yake yenyewe kwamba inapatikana na deni.