Kabla Hujamtolea Godoro Nje

Nyumba nyingi za kupanga mjini Singida zimejengwa kwa mtindo mmoja: korido katikati, vyumba vinatazamana, choo na bafu uani. Kuta za ndani mara nyingi zinaishia kwenye lenta, juu ni mbao na bati. Pasipo dari, sigara inayowashwa chumba cha pili inavutwa upande wote. Inavutwa na mama aliyejifungua juzi, inavutwa na mtoto mwenye pumu, nao hawana pa kukimbilia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa sigara za wengine unaua zaidi ya watu milioni 1 kila mwaka. Kwa hiyo mwenye nyumba anayekataza sigara ndani hamwonei mtu. Ninachogombana nacho mimi ni namna anavyolisimamia katazo lake.

Tuanze na swali: mpangaji aliambiwa lini? Wengi wanalisikia katazo siku wanapogombezwa. Siku ya kuchukua chumba, mazungumzo yalikuwa ya kodi ya miezi mitatu au sita, umeme wa LUKU unachangwa vipi, geti linafungwa saa ngapi. Sigara haikutajwa, maana dalali alikuwa na haraka na noti zilikwisha kuonekana. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 ililenga maeneo ya umma. Ya chumbani mwa mpangaji yanategemea mlivyopatana. Na tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilipofutwa mwaka 2005, mkataba ndio uliobaki na mzigo mkubwa. Basi liandikwe, sentensi moja tu, kabla fedha haijahesabiwa. Kama hukuliandika wala kulisema, bado huna mkosaji. Una mtu wa kumwomba.

Na kuomba kuna adabu zake. Usimsemee bombani, wenzake wakiwa na ndoo wanasubiri zamu, wala usimtume mtoto akanuse mlangoni kisha aje kukuletea habari. Mtoto huyo utamfundisha kazi ambayo siku moja ataifanya juu yako. Mwite mwenyewe, jioni, pembeni. Akiwa kijana: “Mwanangu, moshi unawafikia wa chumba cha pili. Naomba uwe unavutia uani.” Akiwa amekuzidi umri, anza na shikamoo kama siku zote, kisha sema yaleyale. Halafu mwonyeshe pa kuvutia, maana “nje” peke yake ni neno la kumfukuza mtu. Chagua kona ambayo upepo hauelekei madirishani, weka kopo lenye mchanga. Upepo wa Singida si wa mzaha, kuna waliokwisha kuupigia hesabu za kufua umeme; kipisi kimoja kikiangukia mabua makavu au magunia ya alizeti, mtasahau habari ya harufu.

Atakujibu, nami simlaumu: “Mbona hapa mnapikia kuni na mkaa, moshi umejaa korido nzima?” Usimcheke. Amesema kweli, moshi wa jiko nao unaumiza vifua. Kama majiko yanaingizwa koridoni kila mvua inaponyesha, jenga kibanda cha kupikia, hata cha mabati chakavu, ndipo neno lako litakapokuwa na uzito. Vilevile kama fremu yako ya mbele inauza sigara mojamoja, au wewe mwenyewe unakaa barazani na kiko mlango ukiwa wazi, wapangaji wameshakupima zamani.

Akirudia, mwandikie barua fupi, uitie tarehe. Akirudia tena, mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa asikilize pande zote mbili, kisha toa notisi yenye muda wa mtu kutafuta chumba kingine. Mkishindwana kabisa, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo kwa migogoro ya namna hiyo. (Bangi ni habari nyingine, hiyo ni jinai na haina kona uani.)

Lisilovumilika ni njia za mkato ambazo mitaa yetu imezizoea: kumkatia mtu umeme, kung'oa mlango, kuezua bati, kumtolea godoro nje watoto wakitazama. Hapo kosa la sigara limeshasahaulika na mtaa mzima unazungumza kosa lako.

Kuna jambo moja ambalo wenye nyumba hawapendi kuulizwa, nalo ni kodi iliyobaki. Aliyelipa miezi 6 kwa chumba cha shilingi 30,000, ukamwondoa baada ya miezi 2, ana shilingi 120,000 zake mkononi mwako. Mrudishie siku anayokabidhi funguo. Ukitaka kukata za kupaka upya ukuta ulioshika harufu, mwonyeshe risiti ya rangi. Anayemfukuza mvutaji na kuikalia kodi yake, kisha chumba kikapata mtu mwingine wiki hiyohiyo, asituambie habari za afya ya watoto. Na kama fedha uliishanunulia saruji ya msingi wa nyumba ya pili, mwambie hivyo bila kuficha, na tarehe ya notisi iangukie siku kodi yake inapoisha.