Miguu ya Mzee na Barabara ya Mji

Mzee wa miaka 90 akiacha kutoka nyumbani, usilaumu miguu yake peke yake. Mara nyingi barabara ndiyo iliyomfungia ndani. Huko Singapore, tangu mwaka 2009, kwenye vivuko vyenye mtambo huo mzee hugusisha kadi yake kwenye nguzo ya taa, akaongezewa sekunde 3 hadi 13 za kuvuka. Sekunde chache tu! Lakini kwazo huweza kwenda sokoni mwenyewe. Na mguu usiotembezwa hudhoofu upesi.

Mtume Mtukufu s.a.w. alihesabu kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa sehemu ya imani. Basi tazama mbele ya mlango wako: mtaro usiofunikwa, mchanga uliomwagwa, gari lililoegeshwa penye njia ya waendao kwa miguu. Je, jirani yako mzee apite wapi?