Taa Nane Ziliwaka

Kisa hiki nakisimulia kwa sababu nilikuwemo, na sitaki kimkute mwingine. Tulipewa kazi ya kutandaza kebo za kompyuta katika jengo la ofisi. Kijana tuliyekuwa naye alizipanga nyaya ndani ya plagi alivyoona inapendeza: jozi ya chungwa, ya kijani, ya buluu, kisha ya kahawia. Ncha zote mbili akazifanya sawa. Tukaweka kipimo, taa zote nane zikawaka kwa zamu. Nikatia saini.

Dalili zilianza wiki ileile. Kompyuta zilizokuwa karibu na swichi zilikwenda vizuri. Za mwisho wa korido zikawa zinasuasua, mafaili makubwa yakikwama njiani. Mhasibu alilalamika mara tatu. Tukambadilishia kompyuta, kisha tukabadilisha swichi. Hata tulipoona kasi imeshuka kutoka megabiti 1000 kwa sekunde hadi 100, tulisingizia umeme. Tulishuku kila kitu isipokuwa kazi ya mikono yetu.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye plagi. Nyaya hizi husokotwa mbilimbili ili kila jozi ijikinge na kelele za jozi jirani. Pini ya 3 na ya 6 lazima zipate nyaya za jozi moja. Sisi ya 3 tuliipa waya wa kijani, ya 6 wa buluu. Kipimo cha taa huonyesha kwamba waya umefika; hakionyeshi umesafiri na mwenzake au na mgeni. Kebo ikiwa fupi kosa hujificha, ikiwa ndefu hujitokeza.

Tukabana upya plagi zote. Na kwa kuwa hatukuweka lebo, kuitafuta kebo ya kila chumba kulitutoa jasho kuliko kubana kwenyewe.

Ndugu zangu, tushike mpangilio mmoja jengo zima: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tusifumue msokoto zaidi ya milimita 13, wala tusivuke mita 100 toka swichi hadi kompyuta. Tuweke lebo ncha zote mbili. Na kabla ya kutia saini, twende tukae kwenye meza ya mwisho wa korido, tutume faili kubwa, tusubiri lifike. Mhasibu yule alikuwa anatueleza ukweli tangu siku ya kwanza.