Watu wanaongezeka, je, ndiyo tununue pori?

Kuna hoja moja imeenea sana mijini. Utaisikia maofisini, vijiweni na hata nje ya msikiti watu wakishatoka kuswali. Inasema hivi: watu wanaongezeka kila siku, ardhi haiongezeki, kwa hiyo nunua sasa, iache ikae, baada ya miaka kumi utakuwa tajiri.

Chukua mfano wa Kilangali, kata ya wilaya ya Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi, maarufu kwa shamba lake la mbegu. Dalali atakuambia kwamba treni ya SGR, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, inapita Kilosa, kwamba watu ni wengi, usilale. Mstaafu anatoa kiinua mgongo chake, mjane anatoa fungu lake la mirathi.

Kwamba watu wanaongezeka, hakuna anayebisha. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Mkoa wa Morogoro ulitoka milioni 2.2 ukafika karibu milioni 3.2. Takwimu hazina kosa. Kosa limo katika hiyo "kwa hiyo" inayofuata.

Kwanza tupige hesabu. Kutoka milioni 44.9 hadi 61.7 ni ongezeko la asilimia 37 kwa miaka kumi. Tuseme bei ya shamba ilifuata idadi ya watu hatua kwa hatua. Shamba la milioni moja lingefika milioni moja na laki tatu na sabini. Lakini katika miaka hiyo hiyo bei za bidhaa nchini zilipanda kwa zaidi ya asilimia 37. Maana yake mwenye shamba angeuza na bado asingeweza kununua alivyoweza kununua mwanzo. Huo ndio utajiri?

Pili, mwenye haja si lazima awe mnunuzi. Katika hao waliohesabiwa 2022, zaidi ya asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto anahitaji uji, daftari na dawa. Hana fedha ya kununua ekari zako.

Tatu, watu kuongezeka nchini si watu kuongezeka mlangoni pako. Kilosa yenyewe ni shahidi. Mwaka 1967 nchi ilikuwa na watu milioni 12.3, mwaka 2002 walifika milioni 34.4. Katika kipindi hicho hicho mkonge ulianguka kutoka zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960 hadi kiasi cha tani 20,000 miaka ya 1990. Mashamba makubwa yakageuka vichaka. Watu walikaribia mara tatu, na ardhi ikalala. Thamani ya ardhi inatokana na kinachofanyika juu yake: maji, barabara, soko, jasho.

Nne, jiulize: huyo anayekuuzia hajasikia habari za sensa? Kama ana yakini kwamba kukaa na ardhi ni utajiri, mbona yeye haraka anaitaka fedha yako? Jambo linalojulikana na kila mtu limekwisha kuingizwa katika bei. Tena kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji haihami kwa karatasi ya dalali. Bila idhini ya halmashauri ya kijiji huna kitu.

Lakini tuache faida na hasara. Liko jambo zito zaidi. Tukubali kwamba watu ni wengi na ardhi ni finyu. Hoja hiyo inatuamuru nini? Desemba 2000, huko huko Kilosa, zaidi ya watu 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Kwa mtu wa mjini uhaba wa ardhi ni fursa. Kwa mwanakijiji ni maiti. Kama watu wanaongezeka, basi wanaongezeka wanaohitaji kula mchele, na ardhi inapaswa kulimwa leo. Kuifungia mpaka mwenzako azidiwe na shida ndipo umpandishie bei ni ndugu wa ihtikari. Sayyidna Umar (r.a.) alimwachia Bilal bin Harith ardhi aliyoweza kuilima tu, iliyobaki akaigawa kwa Waislamu, ingawa alikuwa amepewa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe.

Mwenye fedha na anunue Kilangali, lakini anunue kwa haki, alime mpunga, aajiri vijana, atoe zaka ya mavuno. Huyo hana haja ya kungoja sensa ijayo. Anayenunua ili angoje, hoja yake mwenyewe ndiyo inayomhukumu: amekiri kwamba watu wana dhiki, kisha akaifanya dhiki yao mtaji.