Haki ya Njia na Mtu Mwenye Haraka



Vijana wawili wa darasa langu hapa Sumbawanga walinijia na suali. Wanataka kwenda kwa baisikeli mpaka Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, si kwa biashara wala kuzuru jamaa, bali kutembea tu. Je, huo si upuuzi?

Niliwajibu kuwa kutembea katika ardhi na kutazama alivyoumba Mola ni jambo tuliloamrishwa. Kule Ufaransa uko mfereji uitwao Canal du Midi, uliomalizwa mwaka 1681, urefu wake kilomita 240. Kandoni mwake ilifanywa njia ya farasi waliokokota mashua kwa kamba. Kazi ile imekwisha, na leo watu hupita hapo kwa baisikeli siku kadhaa kwa kujifurahisha. Hilo halina ubaya. Njia zetu za Ufipa nazo zilikanyagwa na wenye kazi: waliobeba chuma kutoka zile tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, na akina mama wenye kuni. Hao wa kuni wangalipo. Basi anayepita kwa raha ana haki gani mbele ya anayepita kwa dhiki?

Hilo nalijua kwa aibu yangu. Mwaka 1984 nilitoka Laela kuja Sumbawanga kwa baisikeli, barabara ya vumbi, siku ya Ijumaa, nami nimechelewa. Kwenye mteremko mbele yangu alikuwapo bibi mmoja na tita la kuni kichwani. Nikapiga kengele, breki sikushika. Akaruka pembeni, tita likaenda mtaroni, naye juu yake. Nikageuza shingo, nikamwona amekaa chini kashika goti. Nikasema moyoni: sala itanipita. Nikaenda zangu. Sala niliipata, tena safu ya mbele!

Fikiri, ndugu yangu. Mtume (s.a.w.) ametukataza kuiendea sala kwa mbio, tuijie kwa utulivu. Nami nilikuwa msafiri, Ijumaa haikunilazimu. Haraka ile haikuwa na udhuru wowote. Masheikh wametufunza kuwa haki ya Mwenyezi Mungu mtu akitubu hutarajia msamaha, lakini haki ya mja humngoja mwenyewe asamehe. Na habari za yule muflisi wa Kiyama mnazijua: huja na sala zake na saumu zake, na aliowadhulumu wakazigawana. Sisi hudhani dhulma ni kula mali ya yatima. Goti la bibi nalo lina hesabu.

Juma la pili nilirudi pale na kanga na sukari. Niliuliza nyumba tatu, hakuna aliyemjua. Barabara ile sasa ni ya lami, na nikipita kwa basi hutazama mtaroni.

Vijana niliwaruhusu, kwa sharti kuwa akitokea mwenye mzigo kichwani, wao ndio washuke. Mmoja akauliza, "Hata kwenye mteremko, sheikh?" Nikamwambia hapo hasa. Waliondoka Jumamosi alfajiri, katika baridi yetu hii, wawili kwa pampu moja.