Koili, Tabibu na Amana ya Elimu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, mwaka jana nalikwenda Othaya, katika Kaunti ya Nyeri, kuwazuru ndugu zetu wachache wakaao huko kwa kazi na biashara. Othaya ni mji wa baridi na mashamba ya majani chai, chini ya milima ya Nyandarua. Ndiko alikotoka marehemu Rais Mwai Kibaki, aliyekuwa mbunge wa huko tangu 1974 hata 2013. Mwenyeji wangu alikuwa mtu wa Mombasa. Baada ya sala ya isha, mkewe alisema nami kwa nyuma ya pazia.

“Sheikh, nina suala, lakini naona haya.”

“Uliza, dada yangu,” nikamjibu. “Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao.”

Ndipo akanieleza. Alizaa watoto watatu katika miaka minne, na katika uzazi wa tatu alitokwa na damu hata watu wakakata tamaa naye. Akashauriana na mumewe, wakaafikiana apumzike miaka kadha kwa kutia koili, ambayo wengine huiita kitanzi. Daktari wa kwanza akamwambia kwamba koili ni ya wanawake waliokwisha kuzaa, na kwamba itamharibu kizazi. Wa pili akamwambia, “Nenda, urudi ukiwa katika hedhi,” wala asimweleze kwa nini. Hedhi hiyo haikuja, kwani katika kungoja alichukua mimba ya nne. Mwenyezi Mungu alimwokoa, lakini kwa taabu kubwa. Wa tatu akamtia koili bila ya kumwambia neno lolote juu ya yatakayofuata. Ikaja Ramadhani, damu ikamtoka siku ishirini mfululizo, naye akaacha sala na saumu siku zote hizo.

“Sheikh,” akaniuliza, “je, hii ni adhabu ya Mungu? Niitoe?”

Sitataja madaktari hao walikuwa wapi, kwani sikusudii kumfedhehi mtu. Wala mimi mwenyewe sina uso wa kuwalaumu peke yao. Miaka mingi nyuma mtu aliniuliza habari ya koili, nami nikamjibu “Haramu!” kabla ya kujua ni kitu gani na chafanya kazi gani. Nalikisia, kisha nikakiita kisio changu sheria. Basi tabibu aliyemrudisha mama huyu kwa dhana yake na sheikh aliyejibu kwa dhana yake wana kosa moja: kila mmoja aliulizwa elimu, akatoa maoni.

Nini basi elimu yenyewe? Tuanze na sheria. Sahaba Jabir amepokea kwamba sahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje ili mimba isishike, na hali Qurani ilikuwa ikiteremka, wala hawakukatazwa. Imamu Ghazali ameeleza katika Ihya kwamba azli yajuzu, na miongoni mwa sababu alizozikubali ni kuhofia uhai wa mke. Lakini akapambanua baina ya kuzuia mimba na kuiharibu baada ya kushika. Mufti wa Misri, Sheikh Abdulmajid Salim, alitoa fatwa mwaka 1937 kwamba mume na mke waweza kutumia dawa ya kuzuia mimba kwa haja. Ama kukata uzazi moja kwa moja pasipo dharura, hilo maulamaa wamelikataza. Basi kitu kizuiacho kwa muda, kisha kikitolewa uzazi hurudi, ki karibu zaidi na azli kuliko kukata uzazi.

Sasa tuitazame koili yenyewe. Ile itumikayo sana ni kijiti kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T, kilichozungushiwa shaba, hutiwa ndani ya kizazi. Kazi kubwa ya shaba hiyo ni kuzidhoofisha na kuziua mbegu za mume zisikutane na yai la mke. Basi hukumu ya kuharibu mimba iliyokwisha kushika haiingii hapa. Yaweza kukaa miaka kumi na zaidi, na katika wanawake mia walioitia, hata mmoja hatimii ashikaye mimba katika mwaka wa kwanza.

Ama hofu ya kuharibu kizazi, ina asili yake. Kulikuwa na koili ya Marekani iitwayo Dalkon Shield, iliyotolewa sokoni mwaka 1971 ikasimamishwa huko mwaka 1974, kwa kuwa uzi wake ulipitisha vijidudu na wanawake wengi waliumia. Madaktari waliosoma baada ya msiba ule walirithi hofu, na wengine wakawarithisha wanafunzi wao hata baada ya chombo chenyewe kuondoka. Lakini wataalamu wamechunguza koili za leo, wakaona kwamba hatari ya ugonjwa wa kizazi huzidi katika wiki tatu hivi za mwanzo, kisha hushuka ikawa ndogo. Na uchunguzi uliofanywa Mexico, ukatangazwa mwaka 2001, haukuona kwamba koili ya shaba huwafanya tasa wanawake ambao hawajazaa.

Na lile la kuambiwa “urudi ukiwa katika hedhi”, sababu yake ni kuhakikisha kwamba mwanamke hana mimba. Sababu ni njema, lakini si lazima kungoja hedhi: maswali machache juu ya uzazi wake na siku zake, au kipimo cha mkojo, aghalabu hutosha. Waliovichunguza vituo vya Kenya katika miaka ya 1990 waliona jambo hili lawarudisha wanawake majumbani bure. Nchi hii ilianza mpango wa uzazi wa serikali mwaka 1967, ikazitangulia nchi nyingi za Afrika; basi yasikitisha kwamba miaka yote hiyo haikutosha kuliondoa.

Wala tusiifiche aibu ya koili, kwani kuficha nako ni khiana. Huzidisha damu na maumivu ya hedhi, khasa miezi ya mwanzo. Kwa wachache hutoka yenyewe. Kwa nadra sana hutoboa kizazi wakati wa kutiwa. Mimba ikishika nayo imo, yapasa kumwona daktari upesi, kwani yaweza kuwa nje ya kizazi. Haifai kwa mwenye mimba, wala mwenye ugonjwa wa kizazi uliopo, wala atokwaye na damu isiyojulikana sababu yake. Wala haimkingi mtu na maradhi ya zinaa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo daktari hakulijua, na sheikh hakulifundisha. Kwa daktari, damu ikizidi siku chache ni udhia mdogo. Kwa mwanamke wa Kiislamu, damu hiyo ndiyo mpaka wa sala yake, saumu yake na haki ya mumewe. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, damu isiyopita siku kumi na tano, ikitanguliwa na tohara ya siku kumi na tano, yote ni hedhi. Ikipita kumi na tano, imeingia istihadha, yaani damu ya ugonjwa. Akiweza kupambanua damu nzito na hafifu, na masharti yametimia, hufuata ile nzito. Asipoweza, hurudi kwenye ada yake. Mama yule ada yake ilikuwa siku sita, na damu yake haikupambanuka. Basi siku kumi na nne zilizobaki zilikuwa za sala, naye yampasa kuzikidhi sala hizo. Na saumu zote alizoacha atazilipa. Miezi ifuatayo, damu yake ikiendelea hivyo hivyo, akitimiza ada yake ataoga, ajifunge, atawadhe kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia, asali na afunge.

Nikamwambia, “Si adhabu, dada yangu. Ni damu ambayo ulipaswa kuambiwa habari zake, na hukuambiwa. Mwone daktari akutazame, kisha wewe na mumeo mchague kuitoa au kuibakisha.” Nikamsikia analia nyuma ya pazia. Akasema, “Naliona Mungu amenifungia mlango wa Ramadhani, kumbe ni watu.”

Basi, enyi madaktari wetu, mwanamke akija, mwambieni mema ya koili na mabaya yake, mumwachie achague. Msimzuie kwa hofu mliyoirithi, wala msimtie kwa haraka kwa kuwa ni maskini. Nanyi mashekhe wenzangu, tuulize kabla ya kufutu, na mlango wa istihadha tuusomeshe wanawake wala tusiuruke kwa haya. Nanyi waume, shaurianeni na wake zenu. Na kwa kuhifadhi uchi, mtafuteni kwanza tabibu wa kike, kwani wauguzi na wakunga waliofunzwa kazi hii wapo.

Na wako kwetu pwani wasemao kwamba koili ni hila ya kuwapunguza Waislamu. Nami nawajibu: Nyeri si nchi ya Waislamu, na wanawake walioolewa huko walio wengi wanapanga uzazi. Tupime jambo kwa elimu.

Ewe Mola, utuzidishie elimu yenye manufaa, na utulinde tusiseme tusiyoyajua. Amin. Wabillahi ttawfiq.