Nani Apeleke Isale?

Usiku ule wa Januari 2025, kura zilipokuwa zikihesabiwa Mlimani City, wengi wetu huku Moshi na Machame hatukulala. Freeman Mbowe, mwana wa Machame, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA tangu 2004, alipata kura 482. Tundu Lissu alipata 513. Mbowe alikubali matokeo na kumpongeza mwenzake, na hilo tunalitaja kwa heshima. Lakini maneno ambayo wafuasi wa pande mbili walikuwa wamerushiana hayakufungiwa sandukuni pamoja na kura. Jumapili tulikuja nayo kanisani.

Agosti ikawa zamu ya CCM na kura zake za maoni, nasi tukasikia wito uleule: uchaguzi umekwisha, tuvunje makundi, tuwe wamoja. Ni wito mwema. Shida yake ni kwamba karibu kila mara hutolewa na aliyeshinda, na anayetakiwa kuitika ni aliyeshindwa. Akinyamaza siku mbili tu, anaitwa msaliti.

Je, ushindi humfutia mtu deni? Wazee wetu wa mlimani walilijua jambo hili kuliko sisi. Isale, mmea ule tunaouona kwenye mipaka ya vihamba, jani lake lilipelekwa kuomba msamaha, na ilikuwa vigumu sana kwa aliyepelekewa kulikataa. Nani alilipeleka? Aliyekosa. Basi kama ulimwita jirani yako mla rushwa bila ushahidi, kisha ukashinda, isale ni yako kuipeleka. Na kama ulishindwa, lakini nawe uligawa bahasha usiku, kushindwa hakukukusafisha.

Bwana Yesu anakwenda mbali zaidi. Katika Mathayo 5:23-24 anamsema mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Tuangalie vizuri, wapendwa: mwenye neno ni yule ndugu, wala haulizwi kama ana haki ya kuwa nalo. Anayeambiwa aache sadaka na kwenda ni huyu aliyesimama madhabahuni.

Wengine watasema tukianza kufukua hayo chama kitavunjika. Hoja hiyo ina uzito, maana si kila neno la kampeni linastahili kikao. Tena kupatana si ahadi ya kura. Mtu aweza kumsamehe mgombea kwa moyo wote na bado akaona hafai kuongoza. Kumdai kura kama uthibitisho wa msamaha ni kumwonea.

Wala kanisa halisemi haya likiwa limekaa juu ya wengine. Sisi Walutheri wa ukanda huu tunakumbuka mgogoro wa Meru, miaka ya mwanzo ya 1990, na jinsi watu waliobatizwa kwa maji yaleyale walivyoogopana. Umoja tuliuhubiri sana wakati ule. Kutembeleana kulikuwa kugumu zaidi.

Katika usharika mmoja wa mlimani wako wazee wawili wanaokusanya sadaka kila Jumapili, mmoja upande wa kulia, mwingine wa kushoto. Hawajasalimiana tangu kura za maoni. Tuliwauliza, kila mmoja kwa wakati wake, nani aanze. Kila mmoja alimtaja mwenzake.